Figma kwa mbunifu wa programu: inapomfaa na inapomwacha peke yake

Siku hizi ukimtafuta mbunifu wa uzoefu wa mtumiaji, mara nyingi utamkuta ndani ya Figma. Programu hii ya kuchora skrini za simu na tovuti kabla hazijatengenezwa ilianzishwa mwaka 2012 na Dylan Field na Evan Wallace, ikafunguliwa kwa umma mwaka 2016. Nguvu yake kubwa ni kufanya kazi ndani ya kivinjari: unamtumia mwenzako kiungo, anaingia kwenye faili hilohilo, na mnachora pamoja huku kila mmoja akiona kishale cha mwenzake.

Hapa tunaipima kwa kazi yenyewe ya mbunifu, na kazi hiyo haianzi na rangi. Inaanza na kujua mtu anataka kukamilisha nini na anakwamia wapi. Kisha unampangia hatua, unazijaribu na watu halisi, na hapo ndipo mtengeneza programu anaanza kuandika msimbo. Kwenye utafiti Figma haina mengi ya kukupa. FigJam, ubao wake uliotoka 2021, ni mahali pazuri pa kubandika na kupanga uliyoyasikia, lakini kuyasikia kwenyewe ni kwenda kukaa na watu na kuwatazama wakitumia simu zao.

Kwenye kuchora ndipo inapostahili sifa. Tuchukue skrini ya kulipa mchango wa kikundi. Fungua fremu, yaani kisanduku kinachowakilisha skrini, kwa herufi F, upana uwe vizio 360 vya skrini, kwa kuwa simu nyingi za Android za bei nafuu ziko karibu na hapo. Chora kwa kijivu kwanza. Ukianza na rangi, kila atakayetazama atajadili rangi na kusahau hatua. Halafu andika maneno halisi ya Kiswahili tangu mwanzo. Kitufe kilichochorwa kwa neno “OK” kitapasuka siku ukiandika “Thibitisha malipo”. Dawa yake ni kuchagua maandishi pamoja na mandhari yake, kubonyeza Shift+A, na kuweka nafasi ya 16 kila upande. Kuanzia hapo kitufe kinajipanua chenyewe kufuata maneno. Kimo kisipungue vizio 48, kipimo ambacho mwongozo wa Android unapendekeza kwa kitu cha kuguswa kwa kidole. Maandishi ya kawaida nayo yatofautiane na mandhari yake kwa uwiano wa mwangaza wa angalau 4.5 kwa 1, la sivyo mtu aliye juani hataona kitu.

Kosa kubwa linalofanyika ndani ya Figma ni kuchora siku njema tu. Skrini inakuwa nzuri, salio lipo, mtandao upo, namba ni sahihi. Mbunifu anayeijua kazi yake anachora na siku mbaya: namba imepungua tarakimu, salio halitoshi, PIN imekosewa, mtandao umekatika katikati ya malipo. Hii ya mwisho ndiyo inayoumiza watu. Kitufe kikibaki vilevile baada ya kubonyezwa, mlipaji atabonyeza tena na anaweza kukatwa mara mbili. Kwa hiyo kitufe kinahitaji hali tatu: kawaida, “Inatuma…” ambayo haibonyezeki, na “Jaribu tena” inayotokea tu pale mfumo umejua kwa hakika kwamba malipo hayakupita. Figma inakuwezesha kuziweka hali hizo zote kama sura za kijenzi kimoja, yaani kipande cha mchoro kinachotumika tena na tena, hivyo ukibadili umbo la kitufe mahali pamoja, linabadilika kwenye skrini zote. Kazi hiyo inaifanya vizuri sana, na kwangu ndiyo sababu ya kwanza ya kuichagua.

Majaribio yanafuata. Unaunganisha skrini kwa mishale, unapata mfano unaobofyeka, unaufungua kwenye simu na kumpa mtu. Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia programu, aliandika mwaka 2000 kwamba watu 5 hufichua sehemu kubwa ya matatizo ya matumizi. Wengine wamempinga, lakini kwa timu ndogo ni mwanzo mzuri, hasa ukirekebisha kisha ukajaribu tena na wengine 5. Mpe mtu jukumu, “lipa mchango wa mwezi huu”, kisha nyamaza. Ukimwonyesha kitufe kilipo, jaribio limeharibika.

Mapungufu yanaonekana hapa. Mfano wa kawaida wa Figma haupokei herufi zinazochapwa, kwa hiyo sehemu ya kuandika kiasi unaichora mara mbili, tupu na iliyojazwa, na mtu anagusa tu. Kama shaka yako iko kwenye kuchapa namba au kuchagua tarehe, jaribio hilo halitakupa jibu; mwombe mtengeneza programu skrini moja ya kweli. Mfano pia haukuonyeshi programu itakavyokuwa nzito kwenye simu yenye kumbukumbu ndogo.

Intaneti ni suala lingine. Faili likiwa limeshafunguka, mtandao ukikatika unaweza kuendelea, na mabadiliko hupanda kwenye seva mtandao ukirudi. Usifunge dirisha kabla hayajapanda. Faili lililojaa picha kubwa hula bando na kuifanya kompyuta izubae, hivyo punguza picha kabla ya kuziingiza, na skrini zilizokwisha kukubaliwa zihamishie faili jingine.

Kuhusu malipo, mpango wa bure unamtosha anayejifunza. Historia ya matoleo humo ni siku 30, na maktaba ya vijenzi ya kushirikiana kati ya mafaili haimo. Sehemu maalumu ya watengeneza programu, iliyotoka 2023, imekuwa ya kulipia tangu 2024. Watazamaji na watoa maoni hawalipiwi, kwa hiyo kabla ya kununua kiti, yaani nafasi ya kulipia ya mtumiaji mmoja, angalia nani hasa anachora. Bosi anayekuja kutazama hahitaji kiti.

Septemba 2022 kampuni ya programu ya Adobe ilitangaza kuinunua Figma kwa takriban dola bilioni 20, na Desemba 2023 mpango ukavunjika baada ya wasimamizi wa ushindani wa Umoja wa Ulaya na Uingereza kuupinga. Hata bila mauzo hayo, kazi yako inakaa kwenye seva za kampuni moja. Hifadhi nakala za mafaili muhimu kwenye kompyuta yako kila awamu inapokamilika. Taasisi isiyoruhusiwa kuweka michoro yake nje ijaribu Penpot, programu nyingine ya kuchora skrini, ambayo msimbo wake uko wazi na inaweza kusimikwa kwenye seva yenu wenyewe.