Dawa za Kihindi za maumivu ya viungo: ipi ununue kwanza, ipi uiache dukani

Ingia kwenye duka la dawa za Kihindi Kisutu, Ngara au Darajani, useme goti linakusumbua, uone kama utatoka mikono mitupu. Muuzaji atakupangia makopo matatu juu ya kaunta, kila moja na picha ya goti lililopakwa rangi nyekundu. "Chukua hili mama, mwezi mmoja tu utapanda ngazi bila kushika ukuta." Bei zimepishana vibaya, maandishi ni madogo, na majina yenyewe, shallaki, guggulu, rasna, nirgundi, hayamwambii chochote mtu aliyekulia kwenye mwarobaini na mlonge.

Nimeyapanga hapa kwa mpangilio ambao ningemshauri ndugu yangu. Kipimo changu ni kimoja: nunua mmea mmoja, ulioandikwa jina na kiasi chake, uujaribu kwa muda uliojiwekea. Mchanganyiko wa mimea ishirini ukikusaidia hutajua ni upi uliofanya kazi, na ukikudhuru hutajua umlaumu nani. Najua wataalamu wa Ayurveda, tiba ya jadi ya India, hawatapenda hilo, maana kwao mchanganyiko ndiyo tiba yenyewe. Lakini wao humshika mgonjwa mapigo ya mkono na kumbadilishia dawa kila wiki. Wewe uko peke yako mbele ya kaunta.

Kwanza, ni maumivu gani?

Orodha hii ni ya viungo vinavyosagika: goti au nyonga ya mtu mzima, inayouma akitembea na kutulia akipumzika. Ayurveda inauita ugonjwa huo sandhivata. Baridi yabisi ni kitu kingine. Hapo vidole vya mikono yote miwili vinavimba, na asubuhi vinakaza kwa saa nzima au zaidi. Hata Ayurveda imeutenga, inauita amavata, na kanuni zake zinapishana na za mwenzake: mwenye sandhivata huchuliwa kwa mafuta, mwenye amavata hukatazwa mafuta hasa mwanzoni, akakandwa kwa mfuko wa mchanga wa moto, mkavu. Baridi yabisi hula kiungo kimyakimya, na dawa za hospitali ndizo zinazouzuia. Kuacha methotreksati, mojawapo ya dawa hizo, kwa sababu ya kopo la mitishamba ni kuuza kiungo chako. Jongo, au gauti kama wengi wanavyoiita, nayo haimo humu. Na kiungo kimoja kilichovimba ghafla, kina moto na una homa, kipeleke hospitali leo hii.

Namba 1: Shallaki

Huu ni utomvu wa mti wa Boswellia serrata, unaoota kwenye vilima vikavu vya India kama vile Rajasthan na Madhya Pradesh. Ni ndugu wa ubani tunaoufukiza sisi, ule wa Somalia na Dhofar, ila si mti uleule.

Nimeuweka juu kwa sababu mbili. Namna unavyofanya kazi inajulikana: asidi zilizomo kwenye utomvu huzuia kimeng'enya kiitwacho 5-lipoksijenasi, kinachochochea uvimbe, na hiyo si njia inayotumiwa na ibuprofeni. Pili, umepimwa kwa wagonjwa wa magoti. Mwaka 2003 madaktari wa Nagpur waliwapa wagonjwa 30 miligramu 333 mara tatu kwa siku kwa wiki nane. Maumivu na uvimbe vilipungua, wakaweza kutembea mbali zaidi. Mapitio ya mwaka 2014 ya Cochrane, shirika linalokusanya na kupima tafiti za tiba, yalikuta kwamba waliotumia miligramu 100 za aina iliyokolezwa kwa siku 90 walikuwa na maumivu pungufu kwa pointi 17 kati ya 100 kuliko waliopewa kidonge kitupu kisicho na dawa. Pointi 17 hazikurudishii goti la ujana. Zinatosha kukufikisha sokoni na kurudi.

Kwenye utafiti ule wa Nagpur kuna jambo ambalo wauzaji hawalitaji: picha za eksirei hazikubadilika. Gegedu, ile tishu laini inayofunika ncha za mifupa kwenye kiungo, haikuota upya. Kopo lolote lililoandikwa kwamba linajenga upya gegedu linakudanganya, hata kama kilichomo ndani ni shallaki halisi.

Hapa ndipo pesa hupotea, kwa hiyo soma lebo taratibu. Kuna bidhaa za aina tatu zinazoitwa shallaki. Ya kwanza ni utomvu uliosagwa tu ukatiwa kwenye kapsuli. Ya pili ni dondoo, yaani kiini kilichokamuliwa, na lebo yake itakuwa na neno extract pamoja na asilimia ya asidi za boswellia. Ya tatu ni dondoo iliyokolezwa asidi moja iitwayo AKBA, wakati mwingine hadi asilimia 30. Hiyo ndiyo inayotumika kwa miligramu 100 hadi 250 kwa siku, wakati dondoo ya kawaida huhitaji kama gramu moja. Kwa hiyo kopo la "500 mg" si lazima liwe na nguvu kuliko la "100 mg". Kama neno extract halipo na asilimia haipo, chukulia kwamba umeshika unga, na ulipie bei ya unga.

Kisha piga hesabu ya siku. Kopo la kapsuli 60 unalomeza mara tatu kwa siku ni la siku 20. Kopo ghali la kapsuli 30 unalomeza moja kwa siku linafika mwezi. Mara nyingi lile "la bei nafuu" ndilo litakalokugharimu zaidi.

Meza ukiwa umekula chakula chenye mafuta, kwa sababu asidi hizi hufyonzwa vizuri zaidi hivyo. Tumbo linaweza kujaa gesi au kuchafuka kidogo.

Swali ninaloulizwa sana pwani: je, ubani wa nyumbani, ukilowekwa usiku kucha na maji yake kunywewa asubuhi, unafaa? Maji hayo meupe yamebeba hasa gundi ya utomvu. Asidi tunazozitaka ni za asili ya mafuta, haziyeyuki vizuri kwenye maji, zinabaki kwenye donge unalolitupa. Endelea na ubani wako kwa kufukiza na kutafuna, ila usiuhesabu kuwa dozi ya goti.

Namba 2: Manjano

Wahindi wanaita haldi. Nchini Thailand, mwaka 2014, watafiti waliwalinganisha wagonjwa 367 wa magoti: wengine walipewa miligramu 1,500 za dondoo ya manjano kwa siku, wengine miligramu 1,200 za ibuprofeni, kwa wiki nne. Nafuu ilikaribiana, na waliotumia manjano walilalamika tumbo kidogo kuliko wenzao. Kwa mtu ambaye ibuprofeni humchoma tumbo, hilo ni jambo la kusikiliza.

Kwa nini basi si namba moja? Kwanza, jikoni hutaifikia dozi hiyo. Kurkumini, kiini cha manjano, ni kama asilimia 3 tu ya unga. Kijiko cha chai kinakupa chini ya miligramu 100, kwa hiyo utahitaji vijiko zaidi ya kumi kwa siku, na sijaona mtu anayeweza kunywa hivyo. Maziwa ya manjano ni matamu na yanapasha mwili. Ni kinywaji.

Pili, kapsuli zina mambo yake. Kurkumini hufyonzwa kwa shida, ndiyo maana watengenezaji huongeza piperini ya pilipili manga. Utafiti wa mwaka 1998 ulionyesha kwamba miligramu 20 za piperini ziliongeza kiasi kinachoingia damuni mara 20 hivi. Tatizo ni kwamba piperini haichagui: inaweza pia kupandisha dawa nyingine mwilini, ikiwemo fenitoini ya kifafa. Na tangu aina hizi zinazofyonzwa kwa wingi ziingie sokoni, Italia na Marekani zimeripoti watu walioumia ini kwa kapsuli za manjano. Ni wachache, lakini ukiona macho ya njano, mkojo umekolea rangi au mwili unawasha bila upele, acha siku hiyohiyo ukapime ini. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asiyaguse bila daktari wake kujua. Mwenye mawe ya nyongo vilevile.

Ukinunua unga wa kupikia, uwe wa mizizi uliyoiona ikisagwa. Bangladesh iligundulika kwamba baadhi ya wafanyabiashara walikuwa wanatia kromati ya risasi, rangi ya njano yenye sumu, ili manjano yang'ae, na risasi hiyo ikaonekana kwenye damu za watu. Unga uliokolea kupita kiasi uuache palepale.

Namba 3: Mafuta ya kuchua

Kwa mzee anayemeza tayari dawa za presha, sukari na moyo, hii ndiyo namba moja, kwa sababu haimwongezei kidonge. Jina utakalolikuta zaidi ni Mahanarayan: mimea mingi iliyochemshwa ndani ya mafuta ya ufuta. Kutoka Kerala kuna Kottamchukkadi, yenye tangawizi kavu na ukwaju, ambayo hutumika zaidi palipovimba, na Dhanwantharam iliyo laini zaidi. Kampuni ya Kottakkal Arya Vaidya Sala, iliyoanzishwa mwaka 1902, hutengeneza zote mbili.

Ushahidi wa mimea iliyomo ni mwembamba. Sehemu kubwa ya nafuu, kwa maoni yangu, inatokana na mkono unaochua na joto. Basi kama mfuko hauruhusu, mafuta safi ya ufuta ya Lindi au Mtwara, yaliyopashwa moto kidogo, yatakufikisha karibu. Mafuta ya nyonyo pia Ayurveda inayathamini sana, ila ni mazito na yananata kwenye shuka.

Ulinganishe na kitu ambacho muuzaji wa mitishamba hatakuonyesha: jeli ya diklofenaki ya duka la dawa la kawaida. Kwa goti, ina ushahidi kuliko mafuta yote niliyoyataja.

Namba 4: Tangawizi

Inasaidia kidogo, bei yake haiumi, iko sokoni. Huna haja ya kuinunua kwenye kopo.

Namba 5: Guggulu

Utomvu wa Commiphora wightii, jamaa wa manemane. Ayurveda inausifu mno kwa viungo, ila utafiti wake ni haba, huleta upele kwa baadhi ya watu, na huingiliana na dawa za hospitali. Isitoshe, mti wenyewe, wa Rajasthan na Gujarat, umo kwenye orodha ya mimea iliyo hatarini kabisa kutoweka, kwa sababu wavunaji huukata ovyo hadi unakufa.

Ukisisitiza, angalia jina kwa makini. Yogaraj Guggulu kwa kawaida ni mimea mitupu. Mahayogaraj Guggulu, kopo linalokaa pembeni yake lenye lebo inayofanana, huongezewa madini yaliyochomwa, yakiwemo ya risasi na zebaki. Herufi nne tu mwanzoni mwa jina, na dawa imekuwa nyingine kabisa.

Namba 6: Ashwagandha

Ni mzizi wa mmea wa Kihindi, na inavuma sana mitandaoni. Kwa viungo, ningeiruka. Inaweza kuchezea tezi la shingo, imeripotiwa kuumiza ini, haifai kwa mjamzito, na Denmark iliipiga marufuku mwaka 2023.

Usinunue hata kwa punguzo

Dawa yoyote yenye maneno bhasma, ras, parad au naga. Hayo ni madini: parad ni zebaki, naga ni risasi. Mwaka 2004 watafiti walipima dawa 70 za Ayurveda zilizouzwa Boston, wakakuta 14 zina risasi, zebaki au arseniki. Mwaka 2008 walirudia kwa dawa 193 zilizouzwa kwenye intaneti, uwiano ukawa uleule: moja kati ya tano.

Pia dawa inayomaliza maumivu ya miaka kwa siku mbili. Mitishamba haina kasi hiyo. Steroidi inayo. Mwaka 2022 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilitoa onyo kuhusu vidonge vya viungo viitwavyo Artri King, ambavyo si vya Ayurveda lakini vilijiita vya asili: ndani mlikuwa na deksamethasoni, ambayo ni steroidi, na diklofenaki ambazo lebo haikuzitaja. Dalili za steroidi iliyofichwa ni hamu kubwa ya kula, uso kujaa, sukari na presha kupanda. Ukishuku umekuwa ukimeza kitu hicho kwa wiki kadhaa, usiache ghafla, maana mwili unaweza kuanguka. Nenda na kopo lako kwa daktari.

Ukiwa kaunta

Geuza kopo. Sheria ya India inataka lebo ya dawa ya Ayurveda iwe na namba ya leseni ya mtengenezaji, namba ya toleo, tarehe, na viambato vyake. Ukikuta onyo kwamba dawa itumike chini ya usimamizi wa daktari, elewa kuwa ndani kuna kiambato ambacho sheria yenyewe inakihesabu kuwa sumu. Uliza pia kama imesajiliwa hapa: Bodi ya Famasia na Sumu kwa Kenya, kwa Tanzania, TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, au Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Poda iliyofungwa kwenye karatasi ya nailoni, isiyo na jina wala tarehe, mrudishie muuzaji hata kama ni rafiki yako.

Nunua kopo moja. Usikubali "kozi ya miezi sita" kwa bei ya jumla. Andika jinsi goti linavyouma ukipanda ngazi zilezile, siku ya kwanza na kila wiki, na mwambie daktari wako unachomeza. Shallaki ipe wiki nane, manjano wiki nne hadi sita. Muda ukifika na ngazi bado zinakutesa vilevile, usinunue tena dawa hiyo. Jaribu inayofuata, au rudi kwenye jeli ya diklofenaki na mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja.