Pedi za breki za mbele kwa Toyota ndogo: ipi inakuambia mapema kuwa imekwisha?

Ukiingia Gerezani, Kariakoo, ukauliza pedi za mbele za IST, Vitz au Probox, muuzaji atakuwekea mezani maboksi matatu: la Toyota jenuini, la mtengenezaji mwingine wa Japani kama Akebono, na la tatu lenye jina ambalo hujawahi kulisikia, ambalo bei yake haifiki hata nusu ya lile la kwanza. Pedi zote tatu zitaingia kwenye kalipa, yaani kifaa kinachozibana kwenye diski, na siku ya kwanza zote zitasimamisha gari. Tofauti huja baadaye, na sehemu yake kubwa imo kwenye kibati kidogo ambacho wanunuzi wengi hawakitazami.

Kibati hicho kimeshikizwa ukingoni mwa bamba la chuma la pedi. Nyama ya pedi, yaani sehemu inayosuguana na diski, ikiliwa hadi ikabaki kama milimita 2 au 3, ncha ya kibati hugusa diski na kutoa mluzi mwembamba, mkali. Mara nyingi mluzi husikika tairi linapozunguka hata kabla hujakanyaga breki, na ukikanyaga sauti hubadilika. Hiyo ndiyo kengele ya gari lako. Toyota hizi ndogo hazina waya wa umeme unaopima unene wa pedi. Taa nyekundu ya breki kwenye dashibodi inahusu hendibreki na kiwango cha mafuta ya breki, si unene wa pedi.

Pedi isiyo na kibati haisemi chochote mpaka bamba la chuma likwaruze diski. Ukifika hapo umeshaharibu diski, na nafuu uliyoipata dukani imekwisha.

Tuanze na jenuini. Namba ya pedi za mbele za Toyota huanza na 04465. Za nyuma, kwa gari lenye diski nyuma, huanza na 04466. Mpe muuzaji namba ya chasisi, usimpe jina la gari peke yake, kwa sababu magari ya jina moja hutofautiana kwa injini na mwaka. Pedi hizi zinakaa sawasawa kwenye kalipa, hazina kelele, vumbi lake ni kidogo, na kibati kimefungwa imara. Kasoro ni mbili: bei, na wingi wa feki. Boksi ni rahisi kuiga, kwa hiyo toa pedi uishike. Rangi ya bamba iwe imeenea vizuri, namba zilizochapwa zisomeke, nyama isiwe na nyufa wala kuachia kwenye bamba, na kibati kisicheze ukikisukuma kwa kidole. Duka likikataa kuandika namba ya spea kwenye risiti, ondoka.

Kwa mtu anayezunguka mjini, chaguo letu ni boksi la pili. Akebono na Advics hutengeneza pia breki zinazofungwa kwenye magari ya Kijapani kiwandani, na pedi zao hazikupunguzii usalama wowote ukilinganisha na jenuini. Hakikisha tu kibati kipo, na uulize kama vibati vyembamba vya kuzuia kelele, vinavyokaa mgongoni mwa pedi, vimo ndani ya boksi. Visipokuwemo, vile vya zamani visafishwe na kurudishwa. Fundi akivitupa, utasikia breki zinalia zikiwa mpya kabisa na utadhani umeuziwa feki.

Boksi la tatu hatulipendekezi, na si kwa sababu ya bei. Geuza pedi utazame maandishi ya ukingoni. Pedi nyingi huwa na msimbo unaoishia na herufi mbili, kwa mfano FF au GF. Herufi ya kwanza inaeleza msuguano katika joto la kawaida, ya pili inaeleza msuguano pedi ikiwa moto sana. E ni kati ya 0.25 na 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55. Pedi yenye FE itakufaa Mwenge na Ubungo, lakini ukiteremka mlima wa Kitonga na abiria na mizigo, ikapata moto, nguvu yake inashuka pale pale unapoihitaji. Pedi isiyo na herufi yoyote haina cha kukuambia, na msimbo nao unaweza kughushiwa. Ndiyo maana duka unaloliamini lina thamani kuliko boksi zuri. Probox ya mizigo inayopanda na kushuka milima kila wiki ifungwe FF au zaidi, na dereva ashuke kwa gia ndogo badala ya kuning'inia kwenye breki.

Kabla ya kununua chochote, hakikisha tatizo ni pedi. Wengi hubadilisha pedi kwa ugonjwa wa kitu kingine. Pedali ikiwa laini kama sponji, kuna upepo kwenye mfumo. Pedali ikizama polepole huku umeikanyaga ukisubiri kwenye taa nyekundu ya barabarani, na hakuna uvujaji nje, ishuku masta silinda, pampu inayosukuma mafuta ya breki. Pedali ikiwa ngumu kama jiwe, pima busta, kifaa kinachoongezea mguu wako nguvu: zima injini, kanyaga mara kadhaa mpaka pedali iwe ngumu, ishikilie hivyo hivyo kisha washa. Ikishuka kidogo, busta inafanya kazi. Isiposhuka, angalia busta na mpira wake wa vakyumu. Usukani ukitetemeka unapofunga breki kwenye mwendo mkubwa, unene wa diski haulingani. Pedi mpya juu ya diski hiyo zitatetemeka vilevile. Gari likivuta upande mmoja, angalia kalipa iliyokwama, pedi iliyoingia mafuta, au mpira wa kupitisha mafuta ya breki ulioziba kwa ndani.

Mafuta ya breki yana mtego wake. Pedi zikiisha, pistoni zinazozisukuma hutoka nje zaidi na mafuta kwenye kichupa hushuka. Mwanzoni taa huwaka kwenye kona au mteremko tu, kwa sababu mafuta yanahama upande. Dereva anaongeza mafuta, taa inazimika, na pedi zinabaki nyembamba vilevile. Kiwango kikishuka, pima pedi kwanza na utafute uvujaji. Ukiongeza, fuata kilichoandikwa kwenye kifuniko, DOT 3 au DOT 4. Usichanganye na DOT 5, ambayo ni ya silikoni. DOT 3 na DOT 4 hunyonya unyevu wa hewani: DOT 3 mpya huchemka kuanzia nyuzi 205 za Selsiasi, ila ikishanyonya maji kiwango chake kinaweza kushuka hadi 140. Yakichemka mteremkoni, pedali inakwenda mpaka chini. Yabadilishwe kila baada ya miaka 2, na pwani tusisubiri zaidi ya hapo.

Kupima hakuhitaji kufungua kalipa, lakini usiishie kuchungulia pedi ya nje kupitia rimu. Ya ndani mara nyingi ndiyo inayotangulia kuisha. Toa tairi, utazame zote mbili. Pedi mpya huwa na nyama ya milimita 10 hadi 12 hivi; ikifika 3, nunua; ikifika 1, gari lisitembee. Ya ndani ikiwa imeliwa sana kuliko ya nje, au pedi imeliwa mshazari, pini ambazo kalipa huteleza juu yake zimekwama. Hapo hata jenuini itakufa mapema.

Kwa hiyo simama na fundi wakati wa kufunga. Pedi za magurudumu yote mawili ya mbele hubadilishwa pamoja. Boksi lina pedi nne. Pini zitolewe, zisafishwe na zipakwe grisi ya silikoni, kwa sababu grisi ya kawaida huvimbisha mipira. Kibati cha kengele kwa Toyota nyingi kiko kwenye pedi ya ndani, na fundi akizibadilisha nafasi kengele haitapiga. Wapo pia wanaokikunja kibati ili mluzi ukome; mkatalie. Kabla ya kurudisha pistoni, kichupa kifunguliwe na kiangaliwe kisifurike, maana mafuta ya breki hula rangi ya gari. Diski ipimwe unene kabla ya kuchongwa. Kiwango cha chini kimechapwa kwenye diski yenyewe. Nati za tairi za Toyota hizi zinakazwa kwa nguvu ya Nm 103 (nyutoni-mita). Kabla gari halijasogea, pedali ikanyagwe mpaka iwe ngumu, la sivyo kanyagio la kwanza halitashika kitu. Kisha fanya breki kama mara kumi za wastani kutoka kilomita 50 hadi 10 kwa saa, ukiacha nusu dakika katikati, bila kusimama kabisa.

Nyuma, ambako nyingi ya gari hizi zina breki za dramu badala ya diski, breki shuu zinazofanya kazi ya pedi humo ndani hazina mluzi wa kukuonya. Hesabu midundo inayosikika ukivuta hendibreki: ikipanda kutoka sita au saba hadi kumi, dramu ifunguliwe kabla mtu hajakaza kebo. Shuu zilizobaki na milimita 1 zibadilishwe, na ukikuta unyevu karibu na silinda ndogo ya gurudumu, inavuja. Shuu mpya zisifungwe mpaka silinda hiyo itengenezwe.