Suruali ya fundi wa Soko la Kilombero, Arusha: misimu mitatu, vitalu vinne vya uwindaji

Nimeiweka mapajani sasa hivi naihesabia matundu. Yako matatu, na moja ni la cheche ya moto wa kambini, hilo simdai fundi. Kwa kazi yangu, suruali iliyomaliza misimu mitatu na kubaki na matundu mawili ya haki ni mzee wa kuamkiwa.

Mimi ni mfuata nyayo za wanyama kwenye misafara ya uwindaji. Mwindaji bingwa anayeongoza msafara na mgeni wake aliyekuja kuwinda wanapita nilipokwisha kupita mimi, kwa hiyo mwiba wa kwanza ni wangu, umande wa kwanza ni wangu, na ndorobo wa kwanza, yule inzi wa malale, ananitua mimi. Vijana wanaoanza kazi huniuliza kila mwaka ikikaribia Julai Mosi, msimu unapofunguliwa: kaka, ninunue nguo gani? Nimechoka kujibu mmoja mmoja.

Kwanza niseme nilivyofika kwa huyu fundi. Mgeni mmoja aliniachia suruali yake ya kuwindia alipoondoka. Kampuni jina nalihifadhi, ila bei niliiona kwenye kikaratasi kilichokuwa bado kinaning'inia: kwa hela ile ningenunua mbuzi wawili na chenji ningerudishiwa. Nyepesi, ina mifuko tisa, inakauka ukiitikisa. Nikaivaa Longido kwa mbwembwe. Longido ni nchi ya migunga na kikwata, na kikwata hakichomi, kinashika. Miiba yake imekaa miwili miwili, imepinda kurudi nyuma kama ndoana. Ukiingia kinakuachia, ukitoka ndipo mnapojuana. Kufika saa tano asubuhi paja la kulia lilikuwa limefunguka toka mfukoni hadi gotini, na lile tundu halikuwa tundu la kushona, ni uzi uliokimbia kama soksi ya mwanamke. Tena kabla haijachanika ilikuwa inaongea. Kila hatua shwaa, shwaa, kama mtu anakunja hema. Swala twiga ana masikio makubwa kuliko shida zangu. Tuliwaona watatu siku ile, wote migongo.

Niliporudi mjini nikapita kwa fundi mmoja wa cherehani upande wa Soko la Kilombero, Arusha. Sikwenda kwa sababu ana sifa. Nilikwenda kwa sababu alikuwa amening'iniza dirishani ovaroli ya fundi gereji ambayo ilishonwa vizuri kuliko ovaroli inavyostahili. Nikampa maelezo: kaki nzito ya pamba, magoti dabo, mshono wa jinzi ndani na nje, uzi wa naili, vifungo badala ya zipu, mifuko minne basi, na kusiwe na ile gundi ya kubandua (velkro) inayolia kraaa.

Hiyo gundi ina kisa chake. Huko Rungwa, pori la miombo, mwaka mmoja kabla, tulikuwa tumejilaza hatua kama sitini kutoka kwa kundi la mbogo, upepo unatupiga usoni, kila kitu kizuri. Mgeni akataka risasi ya akiba. Akafungua mfuko wa paja. Kraaa. Madume mawili yakainua vichwa kwa pamoja, na tangu hapo hadi saa kumi jioni tulikuwa tunasoma nyayo za mbogo wanaokimbia. Mwindaji bingwa hakusema neno. Jioni alichukua kisu, akaibandua ile gundi yote kwenye suruali ya mgeni, akampa pini mbili za nguo.

Fundi aliniuliza rangi. Nikamwambia ugoro. Akanitolea kijani cha jeshi, nikakirudisha. Hapa niwatahadharishe wageni na wenyeji sawasawa: nguo za mabakamabaka, hata kama huko zilikotoka zinauzwa duka la michezo, hapa kwetu Tanzania ni matatizo. Agosti 2023 jeshi letu, JWTZ, lilitoa siku saba kwa raia wenye mavazi yanayofanana na ya jeshi wayasalimishe. Nimeona mgeni akifungua begi kambini, nguo zote za mabaka, na mwindaji bingwa akamwambia zifungie humo humo hadi siku ya ndege. Alimaliza safari akiwa na mashati ya mpishi.

Halafu mabaka yenyewe porini ya nini? Mnyama mwenye kwato hatofautishi vizuri nyekundu na kijani kama sisi. Ndiyo maana Mmasai anapita na shuka jekundu karibu na pundamilia nao wanaendelea kula. Bluu ndiyo wanayoiona vizuri. Wanachokukamatia zaidi ni mwendo wako, harufu yako na kelele za nguo zako. Ukitaka mabaka ya bure, nenda miombo ya Rungwa baada ya nyasi kuchomwa. Mabua yaliyoungua yanakuchora mkaa kuanzia viatuni hadi kiunoni, na ikifika siku ya tatu hata mkeo hatakuona.

Tukiwa hapo hapo Rungwa, tuzungumze ndorobo, maana ndio hakimu mkuu wa nguo za miombo. Msimu wangu wa kwanza nilikuja na jinzi ya bluu na fulana nyeusi, nimependeza. Mzee mmoja tuliyekuwa naye, Mnyaturu, mfuata nyayo tangu ujana wake, alinitazama napanda nyuma ya gari akaguna.

"Kijana, umevaa mtego."

Sikuelewa. Kilomita chache mbele akaninyooshea kidole mtini: kitambaa kimening'inizwa, bluu na nyeusi, kimetiwa dawa. Ndiyo mitego ya ndorobo. Bluu inamwita kwa mbali, nyeusi inamtuliza atue. Na mimi nilikuwa nimevaa zote mbili, sina dawa. Siku hiyo wenzangu walikaa upande mmoja wa gari, mimi nikaachiwa upande wangu na wageni wangu.

Suruali ya fundi kwa ndorobo naipa alama nane kwa kumi. Rangi ya ugoro haiwaiti sana, na kaki nzito wanapata shida kuipenya. Mbili nimezikata kwa sababu ukikaa, kitambaa kinajivuta gotini na makalioni, na pale kinapobana ngozi ndipo wanapochagua. Dawa yake ni kuomba fundi aongeze upana wa inchi moja mapajani. Nguo ya miombo isikubane popote. Shati hivyo hivyo: mikono mirefu, kola ya kusimama, pamba nene kidogo, upana wa kuingiza upepo. Joto utalisikia, ndiyo, lakini joto haliambukizi malale.

Sasa Monduli. Watu wanadhani uwindaji wote ni jua. Msitu wa Monduli unapanda hadi zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na Julai alfajiri ukungu umekaa kama maziwa ya mgando. Mbogo wa kule wanaishi ndani ya msitu mzito, unawasikia kabla hujawaona, na mara nyingi huwaoni kabisa. Majani yote yamelowa. Dakika kumi za kwanza suruali ya pamba imekunywa maji yote ya msitu, na pamba ikilowa haikupi joto tena, inakunyonya. Nilitetemeka hadi saa tatu siku ya kwanza. Suruali haina kosa, ndiyo tabia ya pamba. Ila mnunuzi ajue.

Kilichoniokoa si kitu cha dukani. Ni sweta la sufu la mtumba, soko la Memorial, Moshi, shilingi 12,000, lina kiraka cha kiwiko kilichoshonwa na bibi wa Ulaya huko ambaye sitamjua. Sufu hata ikiloa bado inakupa joto, na haina kelele. Jaketi la mvua la naili ninalo, nalitumia kambini na ndani ya gari tu. Msituni kila tawi linalopita juu yake linapiga ngoma. Ndani ya suruali, siku za Monduli, navaa soksi ndefu za mpira wa miguu hadi gotini. Yako majani ya kuwasha kule yanayopenya kaki, nayo yanapenda ugoko.

Moyowosi sasa, na hapa fundi wangu aniwie radhi. Suruali ilishindwa. Nasema wazi kwa sababu nimeisifia mno huku juu.

Mabwawa ya Malagarasi na Moyowosi huyapiti, unayaingia. Ukimfuata nzohe, yule swala wa bwawani, unatembea ndani ya maji ya magotini, mara ya kiunoni, katikati ya mafunjo na matete, unapanda kichuguu kuchungulia, unashuka tena majini. Kaki nzito ya pamba ikishiba maji inakuwa na uzito wa mtoto anayening'inia kila mguu. Magoti dabo, yale yale yaliyoniokoa Longido, yanashika maji na tope katikati ya matabaka mawili. Siku ya kwanza mapaja yalichubuka nikatembea kama bata. Niliianika kambini jioni, asubuhi mbichi, nikaianika tena, kesho yake asubuhi bado mshono wa kiuno mbichi. Karibu siku mbili! Na kaptula si jibu, maana matete yanakata kama wembe, na ruba wapo.

Kijana mpiga kasia, mtu wa huko huko, alinicheka akanionyesha yake: suruali ya traki ya mtumba, poliesta, 5,000, rangi ya majivu. Inatoka majini, anaikung'uta, imekauka kabla chai haijachemka. Kelele? Majini kila mtu ana kelele, suruali haisikiki. Miguuni alikuwa na raba mtoni zilizotobolewa pembeni kwa msumari wa moto, matundu manne kila upande, maji yanaingia na kutoka yenyewe. Mimi nilikuwa na gambuti. Gambuti likijaa maji kwenye tope la bwawa si kiatu tena, ni nanga. Nilivutwa mkono na watu wawili nikatoka na mguu mtupu, gambuti liko huko hadi leo. Ila kichocho nguo kama hizi hazikizuii, ukishatoka bwawani kapime.

Viatu vya nchi kavu nivipitie haraka. Longido, buti la ngozi lenye soli nene. Mwiba wa mgunga soli laini ya mpira unaipita kama siagi. Wenzetu Wamasai wanatembea na katambuga za tairi, na kwa kimya hakuna buti linalowafikia, lakini miguu yao imesomea kazi hiyo tangu utotoni, wewe usiige. Rungwa buti jepesi zaidi, maana kilomita ni nyingi. Na kote kwenye nyasi kavu, mwambie fundi akushonee vikinga soksi vya turubai, vinavyofunga kuanzia kamba za kiatu hadi juu kidogo ya kifundo. Vyangu alinishonea kwa 8,000 kutoka kwenye mabaki ya turubai la lori. Kabla ya hapo nilikuwa natumia nusu saa kila jioni kuchomoa mbegu za nyasi kwenye soksi, na zile zilizobaki zilinikumbusha usiku.

Kasoro za suruali, mbali na Moyowosi. Ilichuja rangi mara tatu za kwanza kufuliwa. Iliharibu shati la mwenzangu na nikalilipa. Ilisinyaa urefu karibu inchi moja, kwa hiyo kiloweke kitambaa usiku kucha kabla hujampelekea fundi. Mifuko ya mbele ni mifupi, simu inachungulia. Na suruali ya pili niliyoagiza alitia zipu licha ya maelezo yote, akaniambia, "Kaka, vifungo ni vya wazee." Ile zipu iliingia vumbi la Longido ikagoma kupanda wiki ya pili. Nilifanya kazi siku nne shati likiwa nje.

Bei: nilitoa 55,000 kwa kila moja, kitambaa ndani yake. Kwa nchi ya miiba na nchi ya ndorobo sijaona ya kuishinda, na nimevaa nyingi za wageni. Kwa Monduli ivae na sweta. Kwa bwawa iache kwenye begi.

Tatizo lake kubwa ni kalenda. Huyu fundi akikwambia kesho saa nne, hakukutajia kesho gani. Oda yangu ya msimu huu iko mezani kwake tangu Mei 20, mita tatu na nusu za kaki, nimeziloweka mwenyewe, na vifungo nimempelekea kwenye bahasha ili asije akasingizia. Jana nilipita. Kitambaa changu kilikuwa kimekunjwa vizuri, glasi ya chai imewekwa juu yake, na yeye anashona sare za shule.