Handbook of the International Phonetic Association (Cambridge University Press, 1999): kianzie katikati

Wengi hukinunua kitabu hiki kwa ajili ya jedwali la alama za kifonetiki, yaani za kuandikia sauti za lugha. Jedwali hilo hupatikana bure kwenye tovuti ya Chama cha Kimataifa cha Fonetiki, tena jipya zaidi: lililomo kitabuni halina alama ⱱ, iliyoongezwa mwaka 2005. Chapisha la sasa, likunje, lichomeke ndani ya jalada. Utamu wa kitabu uko sehemu ya pili.

Humo zimeelezwa lugha 29, kila moja kwa kurasa chache na kwa mpango mmoja: konsonanti na maneno ya mfano, irabu, maelezo ya namna alama zilivyotumika, kisha unukuzi (matamshi yaliyoandikwa kwa alama hizo) wa ngano fupi ya Upepo wa Kaskazini na Jua. Kiamhari kimo, Kihausa kimo, Kiigbo kimo. Lugha ya Kibantu hakuna hata moja, na kwa kitabu cha chama kinachojiita cha kimataifa, pengo hilo halisameheki kirahisi.

Hata hivyo anayenukuu Kiswahili hatoki mikono mitupu. Afungue kwanza Kihindi, aone mpumuo (pumzi inayofuata konsonanti) unavyotenganisha maneno. Ndiyo tofauti iliyopo, kwa wasemaji wanaoishika, kati ya paa [paa] la nyumba na paa [pʰaa] mnyama, ambayo tahajia yetu huificha. Halafu Kisindhi: kina ɓ, ɗ, ʄ na ɠ, sauti zinazotamkwa koromeo likishuka, hewa ikavutwa ndani. b, d, j na g za Waswahili wengi ni za jamii hiyo. Zikitanguliwa na nazali (sauti ya puani, m au n), kama katika mbuzi au ndizi, sifa hiyo hupotea. Hapo ndipo wanukuzi hujisahau wakaandika ɓ kila mahali.

Rekodi ziko kwenye tovuti ya Chama. Funika unukuzi kwa karatasi, sikiliza sentensi moja mara tatu, andika ulichosikia, ndipo ufunue. Kabla ya kujisahihisha, soma aya ya maelezo ya alama. Mwandishi anaweza kuweka r kwa wepesi tu, huku sauti anayoikusudia ni ɾ (ulimi hugonga mara moja tu), na atalisema hilo katika aya hiyo pekee. Kwa sababu hiyo usilinganishe lugha mbili kwa kutazama alama zake: kila mwandishi amenukuu kwa kiwango chake cha undani. Ngano yenyewe pia haigusi sauti zote. Ya Kiingereza, kwa mfano, haina ʒ (sauti ya katikati ya neno measure) hata mara moja.

Viambatisho vinachosha kusoma lakini vina kazi. Kila alama imepewa namba yake (p ni 101, i ni 301), na fonti ikiharibika ukabaki na visanduku vitupu, namba ndiyo itakayokuokoa. Humo pia utajua kwa nini nukta mbili za kibodi si ː ya urefu wa sauti na apostrofi si ˈ ya mkazo. Jicho halioni tofauti, ila ukitafuta neno kwa kompyuta hulipati.

Anayeanza kabisa asikitegemee peke yake. Hakina mazoezi, na maelezo ya ulimi ukae wapi ni ya kupita tu. Atafute kwanza kitabu cha kiada cha fonetiki, hiki kikae pembeni.