Mita ya upitishaji umeme yenye waya mrefu: uzoefu wangu Mwanza na kwenye ziwa la magadi

Wenzangu mnaopima maji, mita hii ya mkononi yenye waya wa mita 10 naipendekeza kwa sharti moja: someni upitishaji umeme (maji yenye chumvi nyingi hupitisha umeme zaidi), namba ya chumvi iacheni.

Huku Mwanza naitumia kwenye vizimba vya sato. Maji ya Ziwa Victoria hayana chumvi nyingi, upitishaji wake ni kama maikrosimensi 100 kwa sentimita (maikrosimensi ni kizio cha upitishaji), na tabaka za maji yake, la juu na la chini, huletwa na tofauti ya joto. Hapo mita yoyote nzima inatosha.

Shughuli ilikuwa Sonachi, kiziwa chenye magadi ndani ya kreta, yaani shimo la volkano, karibu na Naivasha, Kenya. Maji ya chini, mazito kwa chumvi, hukaa peke yake bila kuchanganyika na ya juu. Tulishusha kichwa cha mita, kile kipimio kilicho mwisho wa waya, kidogo kidogo, kila hatua tukisubiri namba itulie. Mwanzoni hakuna jipya, halafu ghafla namba ikapaa. Ukishusha kwa pupa unaupita mpaka huo bila kuuona. Kichwa kilirudi juu kikinuka mayai viza, maana kule chini hakuna oksijeni.

Kilichonifurahisha ni elektrodi 4 za kichwa hicho, yaani vipande vinavyopitisha umeme kwenye maji. Mita za elektrodi 2 hupunja namba maji yakiwa na chumvi kali. Ila tundu la hii ni jembamba, povu la hewa likinasa humo namba inashuka. Kitikiseni kwanza kichwa cha mita ndani ya maji.

Sasa hiyo chumvi. Mita inaikokotoa kwa kanuni ya maji ya bahari, ambayo chumvi yake kubwa ni kloraidi ya sodiamu. Magadi ni kabonati na bikabonati, kwa hiyo namba inayotokea kwenye kioo inapotosha, na kijitabu chake hakisemi neno! Mtu anaweza kuandika ripoti nzima juu ya namba hiyo. Andikeni upitishaji na joto la maji, kisha chukueni sampuli ya kila tabaka ikakaushwe na kupimwa uzito maabara.

Mita pia hurekebisha namba iwe kama maji yana joto la digrii 25 za Selsiasi, kwa asilimia 2 hivi kwa kila digrii ya tofauti. Marekebisho hayo yanazimika. Kwenye magadi mimi huyazima.

Maji ya kusahihishia mita, ambayo upitishaji wake unajulikana, hayamo kwenye boksi. Agizeni mapema ya maikrosimensi 1413, na ya milisimensi 12.88 kama mnakwenda kwenye magadi.