Xiao Yao Wan: dawa nzuri inayouzwa kiholela

Ingia duka la dawa za Kichina hapa Arusha mjini, ulalamike kwamba mabega yamekaza, kifua kinabana na usingizi hauji, na huenda ukatoka na kichupa cha Xiao Yao Wan. Dawa yenyewe ni nzuri. Kinachokera ni kwamba inapewa kila mwenye stresi, wakati ilitungwa kwa ajili ya mtu wa aina moja.

Mtu huyo ni yule anayemeza maneno. Bosi kamfokea mbele ya wateja, au mawifi wamemsema, naye kanyamaza na kutabasamu. Ndiyo ile kufa na tai shingoni. Katika tiba ya Kichina, kazi ya Ini ni kuiachia qi, nguvu inayouendesha mwili, itembee bila kizuizi. Hasira isiyotoka huifunga, nayo hukwama zinakopita njia za Ini na Nyongo: mbavuni, kwenye matiti, kooni, pembeni mwa shingo, juu ya mabega, kwenye panja. Ini hilohilo ndilo linalolisha kano kwa damu, kwa hiyo likibanwa muda mrefu misuli hukakamaa hata kwa mtu ambaye hajabeba kitu. Kisha Ini huanza kuuonea Wengu, ambao katika tiba hii ndio unaosimamia usagaji wa chakula, na hapa ndipo wauzaji wengi hawafiki: tumbo linajaa gesi, hamu ya chakula inapungua, choo leo kigumu kesho laini, mwili umechoka tangu asubuhi. Mkazo usioambatana na tumbo kulegea wala uchovu unahitaji dawa nyingine.

Ukiangalia viungo vyake utaona kwa nini. Mchanganyiko huu umetumika tangu nasaba ya Song (960–1279): mizizi ya chai hu (si majani ya chai), dang gui, bai shao na bai zhu pamoja na uyoga wa fu ling kwa vipimo sawa, mzizi mtamu wa gan cao (licorice) nusu ya kimoja, pamoja na tangawizi na mnanaa wa Kichina kidogo. Chai hu ndiye anayefungua njia, lakini hukausha. Dang gui na bai shao wanaongeza damu ili asilete madhara. Bai zhu na fu ling wanalinda tumbo. Bai shao akikutana na gan cao hulegeza misuli iliyojikunja, na ndiyo sababu shingo hupata nafuu ingawa hakuna dawa ya maumivu humo.

Vidonge vilivyokolezwa ni vyeusi, ukubwa wa punje ya pilipili manga. Dozi ya kawaida ni 8 mara 3 kwa siku, kwa hiyo chupa ya vidonge 200 inaisha siku ya tisa. Piga hesabu ya mwezi kabla ya kufurahia bei ya chupa moja: ni karibu chupa nne. Aina ya vidonge vikubwa vya asali, gramu 9 kimoja, humezeka kwa taabu na haimfai mwenye kisukari. Fungua kifuniko unuse. Dang gui mzima ana harufu kali inayokaribia selari. Kama hakuna harufu, dawa imekaa sana.

Meza kwa maji ya uvuguvugu. Kipande cha tangawizi cha Soko la Kilombero kikichemshwa dakika tano kinafaa zaidi, hasa Juni na Julai baridi inapobana. Kushushia kwa soda ya baridi ni kuliumiza tumbo lilelile unalolitibu. Usitegemee kulewa usingizi siku ya kwanza, maana hii si dawa ya kulaza. Kwa matiti yanayojaa na hasira za kabla ya hedhi, waganga wengi huianzisha siku 7 hadi 10 kabla ya damu kutoka.

Makosa ya dukani ni mengi, na baya kuliko yote ni kuiita "dawa ya ini". Mwenye homa ya ini B akisikia hivyo ananunua, na pengine anaacha kliniki. Ini linalozungumzwa hapa ni mfumo wa kazi katika nadharia ya Kichina. Kirusi hakiguswi na chai hu. Kosa la pili ni kumpa mtu mwenye macho mekundu, mdomo mchungu na hasira za kulipuka. Huyo, kwa lugha ya tiba ya Kichina, ana joto la ndani, anahitaji Jia Wei Xiao Yao Wan, iliyoongezwa mu dan pi na zhi zi za kupoza. Mwenye koo kavu na jasho la usiku naye atazidi kukauka. Anayemeza warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, asitumie Xiao Yao Wan kwa sababu ya dang gui. Mwenye presha au anayetumia dawa za kukojoza amuulize daktari kwanza kwa sababu ya gan cao, na mjamzito vilevile. Halafu kuna kile kifimbo cha kushika mkononi kinachotoa karatasi ndefu ya "vipimo vya mwili mzima". Hakina uhusiano na tiba ya Kichina. Mganga anayejua kazi hutazama ulimi na kushika mapigo ya mikono yote miwili.

Donge la kooni lina tahadhari yake. Lile la qi halimezeki wala halitemeki, ila ugali unapita vizuri. Chakula kikianza kukwama, usinunue kidonge. Nenda hospitali ya Mount Meru au KCMC ukachunguzwe, kwa kuwa saratani ya umio si ngeni Kilimanjaro.

Tafiti za dawa hii zipo, nyingi za China, na ubora wake unapishana sana. Kwa mtu anayelingana na maelezo ya hapo juu tunaipendekeza kwa wiki nne, pamoja na kubonyeza Taichong, nukta ya njia ya Ini iliyo juu ya wayo: pitisha kidole kati ya kidole gumba cha mguu na cha pili, panda mpaka mifupa inapokutana, kandamiza dakika moja au mbili kila mguu. Chupa yenye maandishi ya Kichina matupu, isiyo na tarehe ya mwisho unayoweza kuisoma, irudishe kaunta.