Mzigo umefika, pesa ilishaturudia: AliExpress, eBay, Amazon na maduka ya Kariakoo kwenye mizani

Tathmini nyingi za maduka ya mtandaoni huuliza swali moja: mzigo usipofika, pesa inarudi? Hapa tunauliza la pili, ambalo halina hata kitufe: pesa ikisharudi kisha mzigo ukatokea, mteja anayetaka kulipa haki ya mwenye mali anapitia wapi? Kudai kumerahisishwa kila mahali kwa sababu ndiko kunakovuta wateja. Kurudisha kumeachwa uani, na kila duka lina mlango wake.

Tuanze na AliExpress, ndiko mambo haya yanakotokea zaidi kwa wanunuzi wa Dar na Nairobi. Pesa unayolipa haiendi moja kwa moja kwa muuzaji. Inashikiliwa mpaka ubonyeze kwamba umepokea, au muda wa ulinzi wa oda uishe. Muda huo umeandikwa kwenye oda yenyewe, na unaweza kuomba uongezwe. Usibonyeze umepokea eti kwa sababu muuzaji amekubembeleza kwamba "mzigo uko njiani". Mlango wa kufungua dai haufungwi papo hapo, unabaki wazi siku 15 baada ya oda kukamilika. Kwa upande wa kudai, kazi yao ni nzuri na hatuna ugomvi nayo.

Tabu ni kwamba "haujafika" na "umepotea" ni mambo mawili tofauti. Kabla ya kudai, soma namba ya mzigo. Vifurushi vya posta ya kimataifa vina mtindo mmoja duniani kote: herufi mbili, tarakimu tisa, herufi mbili za nchi ulikotoka, mfano RB102030405CN. Ikianza na R mzigo umesajiliwa, E ni EMS (huduma ya haraka ya posta), C ni kifurushi cha kawaida cha posta, U hauna ufuatiliaji wa maana. Tarakimu ya tisa ni ya kuhakiki. Zidisha zile nane za mwanzo kwa 8, 6, 4, 2, 3, 5, 9, 7 kwa mpangilio huo, jumlisha, gawanya kwa 11, kisha toa baki kwenye 11. Kwa mfano wetu jumla ni 61, baki 6, na 11 kutoa 6 ni 5: ndiyo ile tano ya mwisho. (Ukipata 10 andika 0, ukipata 11 andika 5.) Ikikataa, aliyeinakili amekosea, na unaweza kuwa unafuatilia mzigo wa hewa. Dakika mbili za hesabu hizi huokoa dai zima.

Kwa nini mzigo uchelewe kiasi cha kurudishiwa pesa halafu utokee? Sababu kubwa kwa Tanzania ni sanduku la posta. Wengi hupokea kwa S.L.P. ya ofisi, shule au kanisa. Karatasi ya kuitwa kuchukua kifurushi inaingia kwenye sanduku, anayelifungua anaitia kwenye droo pamoja na ankara za maji, na kifurushi kinakaa posta wakati mwenyewe anagombana na muuzaji wa Shenzhen. Sababu ya pili ni namba ya simu. Fomu imeshaweka +255, mtu anaandika tena sifuri, 0712 na kuendelea, namba inazidi tarakimu moja na ujumbe wa posta hauendi popote. Ya tatu ni ndege. Vifurushi vidogo vingi husafiri tumboni mwa ndege za abiria, na ndege zilipokaa chini mwaka 2020 mizigo ililala miezi. Wateja walirudishiwa pesa kwa haki kabisa, kisha vitu vikaanza kubisha hodi.

Basi umeitwa posta, mzigo ni wako, na pesa ulisharudishiwa. Usiufungue kwanza. Uliofungwa bado una njia zote: kuulipia, kuurudisha, au kukubaliana bei. Ukishaukata na kuanza kutumia, umeamua kuununua, kilichobaki ni kulipa tu. Upige picha upande wenye lebo, namba ionekane pamoja na muhuri wa posta wenye tarehe. Halafu fungua oda ileile na uangalie: ina alama ya Choice? Kama inayo, usafirishaji uliendeshwa na AliExpress yenyewe, kwa hiyo zungumza na huduma kwa wateja, maana huenda muuzaji hana habari wala hasara. Kama haina, mwandikie muuzaji kupitia sanduku la ujumbe la ndani. Maneno matatu yanatosha: namba ya oda, tarehe mzigo ulipofika, na swali "nilipe vipi?"

Hapo ndipo AliExpress inapopungukiwa. Oda iliyorudishiwa pesa haifufuki, na hakuna sehemu ya mteja kulipa upya. Njia ambayo wauzaji wenyewe wameizoea ni kukupa kiungo cha "tofauti ya bei": bidhaa ya jina tu ya dola moja au chini yake, ambayo unainunua kwa idadi inayofikia deni. Unadaiwa dola 12, unanunua vipande 12, kisha unabonyeza umepokea ili pesa imfikie. Ni njia ya kienyeji, lakini ina risiti na inapita ndani ya mfumo. Kamisheni ya jukwaa itakatwa humo, na hilo si lako kulibeba. Hakikisha tu kiungo kimetoka duka lilelile uliloagiza, na soma gharama ya usafirishaji kabla ya kulipa, kwa sababu wengine husahau kuiweka sifuri.

Ukiambiwa utume kwa namba ya WhatsApp, akaunti ya mtu binafsi au namba ya simu ya hapa nchini, acha. Uaminifu wako hauondoi utapeli wa mwingine, na ukilipa nje ya jukwaa hakuna wa kuthibitisha kwamba ulilipa.

Je, urudishe mzigo wenyewe? Kwa kitu cha dola 5, stempu ya kwenda China itakula zaidi ya thamani ya kitu. Usijitolee kwa hilo kabla hujaulizwa. Mwache muuzaji achague, maana hasara yake ni mali na nauli ya kwenda, na nauli ya kurudi haimsaidii. Wengine watajibu "baki nacho rafiki, tupe nyota tano". Baki nacho, lakini nyota toa kwa ubora wa kitu. Asipojibu, kumbusha mara moja baada ya wiki mbili na hifadhi picha za ujumbe wote. Tunadhani hapo mteja ametimiza wajibu wake. Wapo watakaosema aendelee kumtafuta. Sisi hatuoni sababu ya kumkimbiza mtu na pesa yake.

Deni ni kiasi gani? Ni kile kilichokurudia, si bei iliyopo leo kwenye duka. Kama ulilipa kwa kadi, shilingi zilizokatwa na zilizorudi hazilingani, kwa sababu benki hubadilisha kwa viwango vya siku mbili tofauti. Shika kiasi cha dola kilichoandikwa kwenye oda, achana na ujumbe wa benki. Na kama kuchelewa kumekuharibia, mfano nguo za sherehe iliyokwisha kupita, si dhambi kusema "nitalipa nusu au nirudishe kwa gharama yenu". Ni biashara. Kisichofaa ni kukata hiyo nusu kimyakimya.

Kuna mtego mwingine: watu hufungua dai AliExpress na papo hapo hulalamika benki ili malipo ya kadi yabatilishwe. Zote mbili zikikubaliwa umerudishiwa mara mbili kwa mzigo mmoja, hata kabla haujatokea. Chagua njia moja, nyingine iwe akiba.

eBay ni afadhali kwa hili. Dai la mzigo usiofika linafunguliwa ndani ya siku 30 baada ya tarehe ya mwisho ya makadirio, na muuzaji ana siku 3 za kazi kujibu. Tofauti kubwa ni kwamba muuzaji naye ana pa kusemea: akishindwa, anaweza kukata rufaa ndani ya siku 30 kwa ushahidi wa ufuatiliaji kwamba mzigo ulifika. Kwa hiyo mteja anayenyamaza si kwamba hajulikani, namba ya mzigo inamsema. Na kulipa ni rahisi: wauzaji wengi ni watu binafsi, unamwandikia, anakutengenezea tangazo la bei mliyokubaliana, unalipa, mambo yamekwisha. Ukilipia kwa PayPal kumbuka saa zake ni tofauti: siku 180 tangu malipo kufungua lalamiko, na siku 20 kulipandisha liwe dai kamili, la sivyo linajifunga lenyewe.

Amazon inawahusu zaidi ndugu walioko Uingereza, Ulaya na Marekani. Ufuatiliaji ukisema umefikishwa na mlangoni hakuna kitu, wao wenyewe hushauri kusubiri saa 48, kwa sababu dereva huweza kubonyeza mapema. Uliza majirani pia. Jengo la ghorofa lina milango mingi inayofanana. Dai dhidi ya muuzaji mwingine anayeuzia ndani ya Amazon lina siku 90 baada ya tarehe ya mwisho ya makadirio. Mzigo ukitokea baadaye, tumia chati badala ya simu, ili jibu libaki kwa maandishi: mhudumu anaweza kukutoza upya, kukupa lebo ya kurudishia, au kukuambia ubaki nacho. Hilo la mwisho lisemwe na wao, usijiambie mwenyewe.

Huko Uingereza watu hunukuu sheria vibaya. Ni kweli kwamba Consumer Rights Act ya 2015 inamwachia mwenye duka hatari yote hadi kitu kiwe mikononi mwa mteja, ndiyo maana kurudishiwa pesa ni haki na si hisani. Lakini ile kanuni ya "ukiletewa kitu ni zawadi" inahusu bidhaa ambayo hukuagiza. Hii uliiagiza. Marekani nako mstari ni huohuo.

Tumalizie nyumbani. Ukiagiza Kariakoo kupitia Instagram na mzigo ukapandishwa basi la Mwanza, hakuna dai wala siku 15. Kuna picha ya risiti ya basi na jina lako kwa maka peni juu ya boksi. Mzigo hupotea kwa sababu za kawaida: umepitilizwa hadi kituo cha mwisho, umeshushwa mji mwingine, au uko ofisi ya mizigo lakini umeandikwa jina la aliyetuma. Muuzaji muungwana hurudisha pesa baada ya siku chache. Mzigo ukionekana wiki ya pili, kurudisha ni dakika moja: piga simu kwanza, kisha lipa kwa Lipa Namba ya duka na usome jina la biashara kabla ya kuweka namba ya siri. Kama hana Lipa Namba, tuma namba ileile iliyokurudishia, na ya kutolea juu yake kama yeye alikuwekea. Tunza ujumbe wa muamala.

Kwa kipimo hiki kimoja, cha kumrahisishia mteja mwaminifu, tunampa muuzaji wa Kariakoo nyota nne, eBay nne, Amazon tatu, AliExpress mbili. Kariakoo ingepata tano kama risiti za basi zingeandikwa kwa mwandiko unaosomeka.